Miaka Kumi na Minne Juu ya Gunia

Vijana wa parokia yetu ya Basotu wameniomba niandike maisha ya Gidamis, mchezaji wetu wa besi ya kwanza, kwa sababu mwaka huu anaacha mchezo na wanataka kumfanyia hafla. Ukurasa mmoja unatosha, waliniambia, usomwe baada ya misa kabla watu hawajaanza kupakua pilau. Wamenichagua mimi, Vicent, kwa kuwa nilicheza naye tangu siku ya kwanza mpaka goti langu liliponikatalia, na kwa kuwa nina mwandiko unaosomeka. Hawakuniuliza kama nampenda. Wangeniuliza, wangetafuta mwandishi mwingine.

Nianze na kazi yenyewe, maana wengi wenu mmekaa pembeni mwa uwanja miaka yote hiyo mkitafuna mahindi ya kuchoma bila kuelewa kinachoendelea. Katika besiboli mtu anarushiwa mpira, anaupiga kwa gongo, kisha anakimbilia besi ya kwanza. Sisi tulio uwanjani tunauokota mpira na kumrushia mwenzetu aliyesimama pale. Mpira ukifika kabla ya mkimbiaji, na mwenzetu akaudaka huku mguu wake ukigusa besi, mkimbiaji ametolewa. Besi yetu ilikuwa gunia la mbolea lililojazwa mchanga wa ziwani, na juu ya gunia hilo alisimama Gidamis. Wenzake tunakimbia, tunajitupa kwenye vumbi, tunachanika suruali, yeye anasubiri aletewe. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na minne na sasa anapikiwa pilau.

Mimi nilicheza besi ya tatu, ng'ambo ya pili ya uwanja. Kutoka kwangu hadi kwenye lile gunia ni mbali, na mpira lazima uwahi kuliko miguu ya mtu, kwa hiyo besi ya tatu inataka mkono. Mkono wangu ulisifiwa mpaka Babati. Nalisema hili mapema ili mjue anayesema ni nani.

Gidamis alizaliwa Getanuwas, kwenye familia ya wafugaji wa Kibarbaig, watu wa ng'ombe tangu mwanzo wa dunia. Baba yake alikuwa na watoto wa kiume wengi wa kuchunga. Huyu mmoja akampeleka sekondari kwa namna ile mtu anavyotoa mbuzi aliyekonda kwenye mchango, ili asisemwe kwamba hakutoa kitu. Alikuwa mrefu, mzito wa miguu, mpole kupita kiasi, na alitumia mkono wa kushoto. Nyumbani walimchapa kwa ajili ya mkono huo na shuleni wakamchapa tena, lakini haukubadilika.

Mwaka 2010, tukiwa kidato cha kwanza, alifika parokiani bruda mmoja kutoka Nikaragua, Bruda Rigoberto, fundi seremala. Sisi tuliosubiri mzungu tulipewa mtu mfupi mweusimweusi mwenye tumbo, asiyejua mpira wa miguu hata kidogo. Kumbe kwao wanacheza besiboli kila kitongoji, na yeye kwa miaka mingi alikuwa ameshika besi ya kwanza katika timu ya ridhaa ya mji wake. Alikuja na kitabu chake cha sala, misumeno miwili na glavu moja ya ngozi iliyochakaa. Glavu hiyo ilivaliwa mkono wa kulia, maana Bruda naye alikuwa mtu wa shoto.

Siku ya kwanza alitupeleka ziwani, akatuambia turushe mawe majini. Tulidhani anapima nguvu. Mimi nilirusha jiwe langu likapita matete likaenda kuwatisha bata wa mbali kabisa, nikageuka nipongezwe. Bruda hakuwa ananitazama. Alikuwa amemshika mabega Gidamis, ambaye jiwe lake lilianguka hapo karibu kama limechoka, akicheka na kumwonyesha ule mkono wa kushoto. Akamvalisha glavu palepale. Hivyo ndivyo alivyochaguliwa, kwa kasoro. Wazee wa Getanuwas, waliposikia kwamba kwenye mchezo huo kijana wao anapokea kwa mkono wa kulia, walifurahi sana, wakasema sasa amenyooka. Hawakuambiwa kwamba akishapokea anarusha kwa kushoto.

Kama mchezaji, alikuwa hivi. Gongo hakulijua. Mara moja tu katika miaka yote hiyo aliupiga mpira ukaenda mbali, ukatumbukia ziwani, na badala ya kukimbia alisimama kuutazama unavyoelea, kwa sababu tulikuwa na mipira mitatu tu na alisikitika. Tulimpigia kelele mpaka sauti zikakauka. Kukimbia kwake ilikuwa heri asikimbie. Miguu yake kuanzia gotini kushuka ilijaa makovu ya mipira iliyomgonga, naye alivaa soksi ndefu kuyaficha hata jua kali, kana kwamba kuna aliyetaka kuyaona.

Tena alikuwa na adabu za kijinga. Mpinzani akifika kwenye gunia lake, Gidamis alimuuliza habari za nyumbani. Mwaka fulani tulicheza na timu ya Katesh, na mmoja wa wachezaji wao alikuwa Mwalimu Benedict, mtu mzima mwenye mvi, aliyepiga mpira akafika besi ya kwanza salama. Gidamis, mpira ukiwa mkononi mwake, akainamisha kichwa, akamwamkia shikamoo. Mwalimu akatoa mguu kwenye gunia, akasogea hatua moja ili aitikie vizuri na kumpa mkono, kama mtu mwenye malezi. Kwa sheria za mchezo, mkimbiaji akiachia besi ukamgusa na mpira, ametolewa. Gidamis angemgusa tu. Sote tulimwambia amguse. Yeye alingoja mwalimu amalize marahaba, aulize baba hajambo, ng'ombe hawajambo, arudi kwenye gunia. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akaniambia mtu mzima anapokuitikia salamu humfanyii kitu. Tulifungwa siku hiyo.

Bruda Rigoberto alirudi kwao mwaka 2016 akaiacha glavu kwa Gidamis. Kwangu aliacha randa, ambayo sijui kuitumia.

Sasa nifike Dar es Salaam, maana ndiko mambo yote yalikoanzia. Mwaka 2018 timu yetu ilikwenda kwenye mashindano ya vilabu vya ridhaa, mara yetu ya kwanza na ya mwisho. Tulifika nusu fainali, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, wala sisi. Mchezo ukielekea mwisho tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja. Tulibakiza kumtoa mtu mmoja tu mchezo uishe, na wapinzani walikuwa na wakimbiaji wawili njiani. Mpigaji wao akapiga mpira ukaburuzika chini ukanijia mimi. Nikaudaka, nikarusha besi ya kwanza. Gidamis akauangusha. Wale wawili wakamaliza kuzunguka besi, ikawa pointi mbili zao, tukafungwa, tukarudi nyumbani.

Tulirudi kwa basi. Tulipopita Dodoma, Gidamis alisimama kwenye njia katikati ya viti, akishikilia chuma juu, akasema, "Jamani, mnisamehe. Mpira niliuangusha mimi." Xavery, mrushaji wetu, alimwambia kaa chini. Wengine walitazama nje. Mimi nilikuwa na karanga, nikaendelea kula karanga zangu.

Na huyu mtu aliyetupotezea nusu fainali alirudi na cheti. Waandaaji walikuwa wametoa vyeti kwa mchezaji bora wa kila nafasi, na cha besi ya kwanza kiliandikwa jina lake, kikapigwa muhuri wa bluu, kikawekewa plastiki. Nilicheka mpaka machozi. Nikasema ni cheti cha kusimama. Jina hilo la utani lilishika, kwa miezi kadhaa Basotu nzima ilimwita Cheti, na nakiri kwamba lilitoka kwangu.

Alichofanya na hicho cheti ndicho hamtaamini. Zamani kwa Wabarbaig, kijana akiua simba au nyati alipakwa samli kichwani, akavishwa mapambo, akazunguka kwa ndugu zake boma kwa boma, na kila ndugu akampa ng'ombe, maana amewaondolea watu adui. Ng'ombe hao ndio waliomfanya mtu. Siku hizi simba analindwa na serikali, ukimgusa unalala ndani, na desturi yenyewe imebaki kwenye mazungumzo ya wazee. Gidamis alikuwa na miaka ishirini na mitatu na hakuwa na hata ndama. Baba yake alikuwa amemwambia wazi kwamba miaka yake ya kuchunga ameitupa kwenye kamchezo ka watoto, kwa hiyo asitarajie mnyama kutoka zizini kwake mpaka afanye jambo la mwanamume. Bila ng'ombe wake mwenyewe hawezi kuoa, hawezi kujenga boma, anabaki mtoto wa watu mpaka mvi. Basi akawaza akaona cheti kina muhuri wa taifa. Akapaka samli.

Desturi ilitaka pia shahidi, mtu aliyeona kwa macho. Akaniomba mimi. Alisema shahidi Mwiraqw kama mimi ni bora, kwa sababu si ndugu, hawezi kumpendelea. Nilikubali upesi. Nyumbani kwetu Mbulu na hata hapa Basotu, nilijua, nitakuwa na hadithi ya kuchekesha watu msibani na harusini kwa miaka kumi. Pia kwenye boma za wafugaji mgeni hali vibaya.

Tulizunguka wiki mbili, kipindi mahindi yameshavunwa. Yeye mbele, kichwa kinang'aa mafuta, nzi wanamfuata, cheti kimening'inia kwenye fimbo kwa uzi wa katani. Mimi nyuma. Kila boma wazee walikishika, wakakigeuza, wakakipapasa plastiki. Waliuliza adui alikuwa na meno? Hapana. Alikula ng'ombe za nani? Hakula za mtu. Gidamis hakuwadanganya hata kwa neno moja, alieleza kwamba watu wanakimbia, wenzake wanamrushia mpira mgumu kuliko jiwe la mto, naye anaudaka bila kukimbia wala kufumba macho. Kisha wakanigeukia mimi. Nami nikasema ndiyo, nilimwona, alisimama. Nilisema nikiwa nauma shavu kwa ndani nisicheke. Mwiraqw hana sababu ya kutudanganya, wakasema wao kwa wao, na huyu akapewa ng'ombe, yule akapewa ndama, mjomba mmoja akatoa fahali mdogo mwenye pembe moja. Watu wazima, wenye akili zao.

Boma la mwisho lilikuwa la shangazi yake, mama mjane, mwembamba, mwenye sketi ya ngozi na macho makali, anayejua Kiswahili cha mnadani cha kumtosha kutokuibiwa. Yeye hakukishika cheti. Alimuuliza Gidamis mchezo huo wa Dar uliishaje. Na huyu punguani, mwenye kichwa cha samli, aliyekuja kuomba ng'ombe, akajibu kwamba walifungwa, na kwamba mpira wa mwisho aliuangusha yeye.

Mama yule alisema mtamba wake mmoja wa kijivu atamtoa, aende leo, lakini yeye mwenyewe atakuja Basotu kuuona huo mchezo. Akiona kwamba kijana anaangusha, atamchukua mtamba wake, na atapita boma zote kuwaambia ndugu wachukue wa kwao. Alinitazama mimi akasema na shahidi awepo. Wote tulijua maana yake. Zizi la Gidamis lote, na boma lake, na mke ambaye hajamwoa, vilikuwa vimefungwa kwenye kamba ya mtamba huyo.

Mechi ilikuwa Jumapili, na timu ya Mbulu mjini. Mama alitembea kutoka Getanuwas tangu alfajiri. Aliletewa kiti akakikataa, akasimama na fimbo yake hatua tano kutoka kwenye gunia la besi ya kwanza, na refa alimwomba mara mbili asogee. Hakuuliza sheria. Alikuwa anatazama mikono ya watu, jinsi mtu anavyotazama ng'ombe mnadani, hasikilizi maneno ya mwenye mali.

Mimi siku hiyo nilirusha mara nne. Ya kwanza ilikwenda chini kidogo, Gidamis akachota kwenye vumbi. Ya pili ilikwenda pembeni, akajinyoosha mpaka nikadhani atapasuka, ncha ya kiatu ikabaki kwenye gunia, akaupata. Ya tatu ilidunda mbele yake ikamgonga ugoko, akaubana mpira kwa tumbo na glavu. Watu walimshangilia. Nilichukia, maana waliona anafanya kazi kubwa, na kazi yenyewe nilikuwa nampa mimi. Ya nne ilikuwa ndiyo ya mwisho, kama ile ya Dar, mtu mmoja tumtoe tushinde. Niliivuta kwa nguvu zangu zote. Ilidunda kwenye kokoto ikapanda ghafla usoni kwake. Mtu yeyote mwenye akili angeruka pembeni. Gidamis hakutoa mguu. Mpira ulimvunja jino ukaanguka kwenye glavu yake, akaufunika na mkono wa kushoto, na refa akanyoosha kidole kwamba mkimbiaji ametoka.

Wakati wenzetu wanambeba, mama alikuja kwangu. Gidamis alimwona, akajinasua, akaja mbio zake zile za kuchekesha, damu kidevuni. Mama akaniambia taratibu kwamba ametazama mchezo wote. Wengine wote wanamrushia kijana wake kifuani. Mimi peke yangu namrushia miguuni na usoni. Akauliza kama tuna ugomvi. Nikasema hatuna.

"Ule wa Dar," akasema, "aliurusha nani?"

"Shangazi, niliuangusha mimi," Gidamis akadakia.

"Sijakuuliza wewe. Namuuliza shahidi."

Mmenisikiliza mpaka hapa, basi sikilizeni na hili. Dar es Salaam, mpira uliponijia, nilikuwa na muda. Nilikuwa na muda wa kusimama sawasawa, kuweka mguu, kurusha mpira wa kawaida kifuani kwake, kama alivyotufundisha Bruda mara elfu. Lakini asubuhi ile tulikuwa tumeambiwa kwamba jukwaani kuna watu wanaochagua vijana wa timu ya taifa, na wamesikia kuna mkono kutoka Manyara. Niligeuza macho jukwaani. Nilitaka wauone. Nikarusha bila kuweka mguu, kwa nguvu zote, mpira ukaenda chini, ukadunda hatua tatu kabla ya besi, ukamgonga Gidamis mguuni akiwa amejinyoosha hadi mwisho wa urefu wake, ukatoka nje. Hakuna binadamu angeudaka. Waandishi wa matokeo waliandika kosa kwa besi ya tatu. Ndiyo maana yeye alipewa cheti, na mimi nilijua, na nilicheka.

Usiku ule kabla ya safari ya kurudi, Gidamis aliniambia nisihofu. Alisema wale watu bado wana jina langu, wanaweza kuniita, na yeye hakuna anayemwita popote, kwa hiyo aseme ni yeye. Sikumwomba. Hata asante sikumwambia. Nilisubiri simu mwaka mzima, haikupigwa. Na kadiri haikupigwa ndivyo nilivyozidi kumdharau, yeye na soksi zake na salamu zake, kwa sababu kila nilipomwona nilimwona mtu anayejua. Angenisema ningepumzika. Hajawahi.

Basi mama aliponiuliza, Gidamis alikuwa amesimama kando yangu, ananitazama kwa macho yaleyale ya kunisitiri, anatikisa kichwa kidogo kwamba nisiseme. Zizi lake lote lilikuwa kwenye ulimi wangu. Neno moja tu lilihitajika, mimi, na hata kulitamka kwake ni rahisi.

Nikasema, "Sikumbuki, mama."

Mama alimgeukia Gidamis, akamshika taya, akamfungua mdomo akalitazama lile pengo, kama anavyotazamwa mnyama, akamwambia kwa Kibarbaig maneno machache. Baadaye nilimuuliza Gidamis mama alimwambia nini. Hakutaka kuniambia, nikamlazimisha. Mama alisema mtamba abaki, na ng'ombe wote wabaki, maana ameona kwa macho yake kijana anavyosimama. Na kwamba mwakani akizunguka tena atafute shahidi mwingine, huyu hafai.

Kwa hiyo ng'ombe walibaki. Gidamis alijenga boma, akaoa, ana watoto watatu, mkubwa anatumia mkono wa kushoto na hakuna anayemchapa. Aliendelea kusimama kwenye gunia lile miaka sita mingine na lile pengo mdomoni, akipokea mipira ya vijana wasiojua kurusha, akiwaambia si neno. Mimi goti liliniishia, nikaenda kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano. Kila msimu ananiletea maziwa nyumbani. Nayanywa. Kwenye hadithi zangu za msibani bado namwita Cheti, na watu bado wanacheka, ingawa siku nyingine huwa naimaliza hadithi mapema.

Mambo ya kusoma kwenye hafla yangeishia hapo. Lakini nyie mmeniambia shangazi yake amealikwa, atakaa meza ya mbele, na mtu wa kumfasiria ameshapatikana. Nimefikiri sana kama nipunguze. Nimeamua mumfasirie yote.

Mwaka jana, wakati wa kulima, nilipitisha trekta Getanuwas, njia inapita mlangoni kwake. Si mara ya kwanza, napita kila msimu, na kila msimu nashuka. Alikuwa amechuchumaa zizini anakamua, na anayekamuliwa alikuwa yule wa kijivu, sasa ng'ombe mkubwa, Gidamis alimrudishia akae naye uzeeni. Nilizima injini, nikavua kofia, nikaja mpaka kwenye miiba ya zizi. Nikasema, "Shikamoo, mama." Hakuinua kichwa. Nikasubiri, nikasema tena. Nilisimama palepale mpaka kibuyu kikajaa akakifunika, akaingia ndani, nami nikapanda trekta nikaenda kulima.